Kisiwa Kinachosikiliza Maneno

Kinanda cha umeme kilifika Pemba kabla ya umeme wa kutegemewa. Hadi mwaka 2010 kisiwa kizima kiliendeshwa na mitambo ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake, na aliyeishi Wete au Mkoani zama hizo anajua jinsi taa zilivyowaka kwa zamu, huku vijiji vingi vya mashamba vikiendelea na koroboi. Mwaka huo, kwa msaada wa Norway, waya ulilazwa chini ya bahari kutoka Tanga na Pemba ikaunganishwa na gridi ya taifa. Lakini muziki unaokula umeme ulikuwa umeshaingia kwenye harusi za Pemba miaka mingi kabla ya hapo. Ulivuka kwa boti, ukaja na jenereta yake, spika zake na nyaya zake, ukafungwa uwanjani alasiri, na hadi usiku wa manane ngurumo ya jenereta nyuma ya ukuta ilisikika kila mwimbaji alipovuta pumzi.

Historia ya taarab imeandikwa mara nyingi kutoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, yaani kutoka jukwaani. Pemba haikutoa makundi makubwa yenye majina ya kutembea dunia. Ilitoa wasikilizaji, na wasikilizaji wa aina ya pekee. Kwa hiyo taarab ilipobadilika, ikaacha udi na ganuni ikashika kinanda cha umeme, Pemba ndipo mahali pazuri pa kupima mabadiliko yale yalichukua nini na yalileta nini. Nimewasikia wazee wakiyalaumu na kina mama wakiyatetea kwa muda mrefu wa maisha yangu, na naamini pande zote mbili zilikuwa zinafanya kazi ya uhakiki, kazi ambayo magazeti yetu hayakuifanya.

Tuanze na masikio yenyewe, maana hayakuanza na taarab. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hiki kilikuwa na washairi wawili ambao mpaka leo watu wazima wa Pemba huwataja kama watu wa mtaani kwao: Kamange, ambaye jina lake ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, na Sarahani bin Matwar. Walitungiana, wakajibizana, wakachomana kwa mafumbo, na watu wakawa waamuzi. Tungo zao zilibaki vifuani na katika daftari za watu kwa muda mrefu mno kabla ya kutoka kitabu cha *Kale ya Washairi wa Pemba* mwaka 2011, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Mahali ambapo shairi linaweza kuishi bila kitabu kwa miaka mia, mtu wa kawaida anakuwa na kipimo. Anajua kina kilipovunjika. Anajua mizani ilipozidi. Zaidi ya hayo, anajua fumbo lililokaa sawa na fumbo lililolegea, na hamsamehi mtunzi kwa sababu ya sauti nzuri ya mwimbaji.

Sikio la pili lilifundishwa chuoni. Mtoto wa Pemba alikulia katika kisomo cha Kurani, maulidi na dhikri. Baadaye, kwa redio na kanda, alimsikia Abdul Basit Abdul Samad wa Misri akipanda na kushuka katika maqamu, yaani ngazi za sauti, za rasti na bayati. Hata asiyejua majina ya maqamu hayo aliyajua kwa mwili wake. Ndani yake mna sauti zinazokaa katikati ya funguo mbili za piano, robo ambazo mpiga udi huzipata kwa kidole na mpiga fidla huziteleza tu. Jambo hili litakuwa na uzito tukifika kwenye kinanda.

Santuri zilifika mapema. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Ukawa mwanzo wa Waswahili wengi kusikia nyimbo za lugha yao zikitoka kwenye gramafoni la kuzungusha kwa mkono. Gramafoni halikuhitaji umeme, na kwa hiyo liliingia hata mashamba ya karafuu. Siti aliitoa taarab kwenye baraza za watawala na Kiarabu chao akaipeleka kwa watu. Msikilizaji wake aliye maarufu kuliko wote alikuwa Shaaban Robert wa Tanga, ng'ambo ya bahari tu kutoka Pemba, aliyemwandikia wasifu. Hebu tulitafakari hilo: mwandishi mkubwa wa Kiswahili alimchagua mwimbaji kuwa mtu wa kuandikiwa kitabu, na sababu ilikuwa maneno na maadili yake kabla ya ala zake.

Miaka ya 1950 ilileta redio. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na Mombasa kulikuwa na Sauti ya Mvita. Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, yenye asili yake mwaka 1958, zilijenga okestra kubwa za mtindo wa Misri: ganuni, udi, nai, akodiani, fidla kadhaa, chelo, besi la kusimama, dumbak, rika. Wimbo uliopigwa kwa utaratibu huo ulitanguliwa na bashraf, kipande cha ala tupu ambacho kilimtayarisha msikilizaji akae. Kisha ubeti, kisha ala zikajibu, kisha ubeti. Nafasi ile ya ala kujibu ndiyo iliyompa mtu wa Pemba muda wa kulifungua fumbo. Aliusikia mshororo, akautafuna fidla zinapopiga, akatabasamu au akamgusa jirani yake begani, na mshororo wa pili ukija yuko tayari. Naliona hili kuwa kiini cha kisa chote, na nitalirudia.

Watu husema taarab ya umeme ililetwa na vijana wa miaka ya 1990. Kwa Pemba usemi huo hauna ukweli. Kisiwa kiko kama kilomita 50 tu kutoka bara, na Tanga ilikuwa karibu kuliko Mji Mkongwe kwa watu wengi wa Wete. Tanga ndiko Black Star Musical Club ilikoingiza gitaa la umeme na gitaa la besi katika taarab, na Lucky Star ikafuata njia hiyo hiyo. Shakila Said aliimba na makundi yote hayo mawili, na sauti yake ya huzuni tulivu iliwazoesha watu gitaa bila wao kutambua. Mombasa, Matano Juma na kundi lake la Morning Star walipiga kinanda cha umeme katika nyimbo za harusi wakati Unguja bado ikisafisha ganuni. Na Misri yenyewe, chemchemi ya heshima yote ya taarab, ilikuwa imeshabadilika: mwaka 1964 Umm Kulthum aliimba *Enta Omri*, utunzi wa muziki wa Mohamed Abdel Wahab, na ndani yake mkasikika gitaa la umeme. Walioshtuka Cairo walikuwa wengi. Umm Kulthum hakurudi nyuma.

Msikilizaji wa Pemba alizipokea ala hizo za Tanga na Mombasa bila ugomvi mkubwa. Kwa nini basi agombe miaka 25 baadaye? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Kama kisa kilikuwa umeme peke yake, lawama zingeanza na Black Star. Hazikuanza hapo kwa sababu Black Star walibadilisha chombo wakaliacha shairi kama lilivyokuwa. Tarbia, ubeti wa mishororo minne, ilibaki tarbia, vina vilibaki, na gitaa lilijibu ubeti pale pale ambapo zamani fidla ilijibu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na njaa ya fedha, na hapa inabidi tuzungumze karafuu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na harusi za Pemba zilifuata msimu wake: mwaka wa mavuno mengi, ngoma nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ilianguka, kwani Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa sasa inajilimia yenyewe. Baba wa bibi harusi aliyekuwa na uwezo wa kuwasafirisha watu 30 wa okestra kutoka Unguja, kuwalaza na kuwalisha, hakuwa nao tena. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1984 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi wa Zanzibar, biashara ilifunguliwa na bidhaa za Dubai zikamiminika: redio kaseti, kanda tupu, vinanda vya Kijapani. Kinanda kimoja kilikuwa na sauti za fidla, za akodiani, za nai, na mapigo ya ngoma yaliyohifadhiwa ndani. Mtu mmoja, au wawili, pamoja na gitaa, besi na waimbaji, wakawa kundi zima. Likaingia kwenye boti na likaufaa mfuko wa mzazi.

Sijapata kumsikia mtu akiitetea taarab ya zamani huku akikumbuka hesabu hiyo, nami naona ni dhuluma kuwahukumu wapiga vinanda bila ya hiyo. Kwa harusi nyingi za Pemba za wakati ule hapakuwa na uchaguzi kati ya kinanda na okestra. Palikuwa na kinanda, au kanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo mawili yalikutana. Vijana wenye asili ya Zanzibar waliunda East African Melody, kundi la vinanda, magitaa na waimbaji wa kike wenye ukali wa ulimi, na kanda zao zikaenea kutoka Unguja hadi Muscat. Na mwaka 1992 nchi iliporudi kwenye vyama vingi, Chama Cha Mapinduzi kilianzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Khadija Kopa, aliyekuwa akiimba na Culture Musical Club, akavuka kwenda huko. Kwangu mimi, kuvuka kwa mwanamke huyu ndiko kunakoonyesha mgeuko wote kuliko kitu kingine. Mwimbaji aliyesimama mbele ya fidla, mikono imetulia, macho mbele, alihamia jukwaa ambalo mwimbaji hutembea, huwanyooshea watu kidole, hugeuka na kuimba na wanawake waliomzunguka. Sauti ilikuwa ile ile, yenye kifua na ujasiri. Mtindo ulikuwa mwingine kabisa. Ushindani wake na Nasma Khamis wa Muungano Cultural Troupe ukawa habari ya nchi nzima, kundi likitoa wimbo, jingine likajibu.

Huo ndio uliokuja kuitwa mipasho, na huko Unguja rusha roho. Maneno yalivuliwa mafumbo. Bashraf iliondoka. Ala hazikungoja tena ubeti uishe, kwa kuwa pigo la ngoma ya ndani ya kinanda halingoji mtu, linakwenda. Nyimbo zikarefuka hadi robo saa na zaidi, si kwa ubeti mpya bali kwa kiitikio kilichozungushwa ili watu wapate kucheza na kutunza.

Sasa tuwasikilize wa Pemba. Lawama ya mzee wa Chake Chake au Wete niliyoisikia mara kwa mara haikuwa juu ya kelele. Alisema hapewi nafasi ya kufikiri. Alisema mwimbaji anamtukana mtu waziwazi na hakuna cha kufungua, na kwamba tusi lisilo na kazi ya kulifungua halina ladha. Wengine walisema kinanda kinaimba nje, na walipoulizwa nje ya nini walijibu kwa kuimba wenyewe mstari mmoja, kwa robo zile za bayati ambazo kinanda cha kawaida hakina. Walikuwa sahihi kabisa kifundi. Kinanda cha kawaida kimegawanya sauti katika hatua 12 zilizo sawa, na kati ya hatua moja na nyingine hakuna kitu. Baadaye viwanda vilitengeneza vinanda kwa soko la Uarabuni ambavyo mpigaji anaweza kushusha baadhi ya sauti kwa robo, na wapigaji wetu wazuri walivitafuta. Lakini matokeo ya miaka ile ya mwanzo yalikuwa kwamba nyimbo nyingi zilitungwa kuepuka maqamu hayo, na lahani za taarab zikapungua bila mtu kutangaza. Kina mzee walilisikia pengo hilo kabla ya mtaalamu yeyote kuliandika.

Kulikuwa na siasa pia, na kuificha si uaminifu. TOT lilikuwa kundi la chama tawala, na mipasho yake mingine ilielekezwa kwa wapinzani jukwaani mwa kampeni. Pemba, katika uchaguzi wa Oktoba 1995, ilikipa Chama cha Wananchi, CUF, viti vyote 21 vya kisiwa. Kwa msikilizaji wa Micheweni au Mtambile, mpasho wa jukwaa la chama haukuwa mchezo wa wanawake wawili wanaogombea bwana. Ulimgusa mwenyewe. Wapo walioacha kuisikiliza taarab mpya yote kwa sababu hiyo tu, na sikio likishafungwa kwa uchungu wa namna hiyo ni vigumu kulifungua kwa hoja za muziki. Naelewa. Ila nadhani hapo walimwachia mwanasiasa muziki ambao haukuwa wake.

Kina mama walisikia kitu kingine. Harusi ya Pemba kwa mwanamke ni usiku ambao wanaume hawapo au wamekaa mbali, na usiku huo taarab ya okestra ilimtaka akae kitini. Nyumbani mwake alikuwa na unyago, alikuwa na kidumbak chenye ngoma mbili ndogo, fidla, besi la sanduku, mkwasa na cherewa, na huko kote mwili hutembea. Taarab ya kinanda ilimruhusu kusimama. Walioilaumu mipasho kuwa ni ushenzi wa mjini sikuwahi kuwasikia wakikumbuka kwamba kidumbak kilichezwa hivyo zamani, kikiwa na maneno makali yasiyopungua haya. Kinanda kilikirudisha kidumbak ukumbini kikiwa na spika. Mtafiti Janet Topp Fargion, aliyeichunguza sana taarab ya Zanzibar, naye aliona mkono wa wanawake na kidumbak katika mtindo huu mpya.

Na kuhusu maneno ya wazi, haki inataka tuseme Siti mwenyewe hakuwa wa mafumbo tu. Wimbo wake wa Kijiti ulimtaja muuaji kwa jina na ukailaumu hukumu ya mahakama. Kwa hiyo uwazi si ugeni katika taarab. Tofauti niionayo mimi ni ya lengo. Kijiti alikuwa mkosaji aliyeokoka na sheria, na wimbo ukawa mahakama ya pili. Mpasho mwingi wa miaka ya 1990 ulimlenga jirani mwenye kanga mpya. Wanawake niliowasikia wakiutetea hawakulikubali hilo. Walisema jirani mwenye kanga mpya ndiye anayewasumbua maisha yao, na muuaji hawajamwona. Jibu hilo lina nguvu, nami sijapata la kulipindua.

Katikati ya miaka ya 2000 alitokea mtu ambaye, kwa maoni yangu, alizisikia lawama za pande zote mbili. Mzee Yusuf alikuwa kijana wa Zanzibar, mwimbaji, mtunzi na mpiga kinanda, aliyepitia Zanzibar Stars kabla ya kuunda Jahazi Modern Taarab. Kinanda chake hakikujificha nyuma ya sauti ya fidla ya bandia. Kilikuwa kinanda, na kilipiga vitu ambavyo kinanda ndicho kinachoviweza: mikimbio ya haraka, mapigo yaliyokatwa na kurudishwa, majibizano na gitaa la solo. Na alirudisha jambo lililopotea. Aliimba mapenzi kwa sauti ya mwanamume anayebembeleza, akaacha pumzi baada ya mshororo, na ala zikapata tena nafasi ya kujibu. Nakumbuka jinsi watu wazima waliokwisha kata shauri kwamba taarab imekufa walivyoanza kuuliza, kwa sauti ndogo, kanda ya huyu kijana inapatikana wapi. Sidai aliirudisha tarbia. Tungo zake ni za leo, zenye Kiswahili cha mjini na hata maneno ya Kiingereza katika majina ya nyimbo. Lakini alimpa msikilizaji muda, na msikilizaji wa Pemba alikuwa akiudai muda tangu kanda za kwanza za mipasho.

Ndipo Agosti 2016 akatangaza kuacha. Alisema anamrudia Mola wake, akaenda hija, akaomba nyimbo zake zisipigwe tena. Pwani yetu inalijua jambo hili. Mwaka 2007 Juma Bhalo wa Mombasa, bingwa wa taarab yenye lahani za Kihindi, alistaafu muziki na akabaki hivyo hadi alipofariki Aprili 2014. Kila kizazi kina mwimbaji aliyeiweka chini ala yake kwa ajili ya ibada, na Pemba, kisiwa cha vyuo na maulidi, hakuna asiyeelewa uzito wa uamuzi huo.

Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kutii ni kingine. Msikilizaji aliyefunga ndoa kwa nyimbo za Jahazi afanye nini? Mazungumzo niliyoyasikia yalikuwa ya dhati kuliko mjadala wowote wa muziki niliowahi kuukuta. Wengine walifuta nyimbo kwenye simu zao, wakasema mtu akiomba kusaidiwa kutubu usimzuie. Wengine walisema wimbo ukishatoka si wake tena, na kwamba dhambi, kama ipo, ni ya anayesikiliza sasa na atabeba mwenyewe. Mama mmoja alisema yeye hana nyimbo za Mzee Yusuf, ana nyimbo za harusi ya mwanawe. Miaka michache baadaye Mzee Yusuf alirudi jukwaani, na hapo lawama ikageuka upande: waliofuta walijiona wameachwa peke yao. Nadhani hawakuachwa. Walichokifanya walikifanya kwa imani yao, na mwimbaji hawezi kukifuta kwa kurudi, kama ambavyo hakuweza kuzifuta nyimbo kwa kuondoka.

Wakati mjadala huo ukiendelea, kinanda chenyewe kilikuwa kimeshahama. Kaswida za kisasa za pwani yote, zinazoimbwa na vikundi vya madrasa na kutolewa kwa video, zinapigwa kwa kinanda cha umeme, mara nyingi kwa mapigo yale yale ya taarab. Wapo mashekhe wanaozikataa, na hoja zao zinajulikana. Kwangu la kusikiliza ni kwamba yule aliyefunga redio yake kwa ajili ya dini anakutana na sauti ile ile katika sifa za Mtume, na safari hii maneno ni safi, vina vimekaa, na watoto wake wanaimba. Bado kuna wanaosema kinanda kinaimba nje. Robo za bayati ni robo za bayati hata katika kaswida.

Upande wa pili, huko Dar es Salaam, mchiriku wa vinanda vidogo vya bei rahisi na ngoma za uswahilini, pamoja na taarab iliyoongezwa kasi na madijei, vilizaa singeli. Muziki huo umepata masikio hadi Ulaya tangu mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* ulipotolewa Kampala mwaka 2017. Vijana wa Pemba wanao kwenye simu. Sina mengi ya kusema juu yake, kwani hapo shairi limekuwa dogo sana kwa masikio yangu, na ni haki ya wengine kulitetea.

Nina la kusema juu ya Zuchu. Zuhura Othman Soud ni binti wa Khadija Kopa, na baba yake, Othman Soud, naye ni mtu wa taarab. Alipotambulishwa na lebo ya Wasafi mwaka 2020, albamu yake fupi ya kwanza ilikuwa na wimbo *Mauzauza* alioimba na mama yake. Muziki wote umetengenezwa kwenye kompyuta. Ndani yake mwanamke aliyeanza na fidla za Culture, akahamia vinanda vya TOT, anasimama katika mtindo wa tatu, na sauti yake haijapunguza chochote. Wanawake wa Pemba waliomtunza miaka ya 1990 walimtambua kwa neno la kwanza. Sikusikia hata mmoja akiuliza ni ala gani zilizotumika.

Waliuliza nani katunga. Swali hilo ndilo la kisiwa hiki tangu Kamange, na ndilo ambalo taarab ya kanda ilishindwa kulijibu. Jalada la kanda mara nyingi lilitaja kundi na mwimbaji. Aliyeandika maneno alibaki nje ya jalada, na nyimbo nyingi za miaka ya 1990 zinaimbwa leo na watu wasiojua mtunzi wake. Tungo za Kamange na Sarahani zilivuka miaka mia bila umeme wala karatasi ya kutosha, na majina yao yakavuka nazo, kwa sababu kila aliyezisema alimtaja mwenyewe. Watunzi wa mipasho ya miaka ile baadhi wako hai, Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Muscat, na wengine kati yao ni watu wazima ambao hawajaulizwa na mtu yeyote. Redio zetu za Pemba zina vinasa sauti. Ingefaa waanze na nyimbo ambazo wazee walizichukia.